Injini Inapozimika Angani: Ndege za Kujiundia na Kutua kwa Dharura

Ndege ya kujiundia ni ndege ndogo ambayo sehemu kubwa ya kazi yake imefanywa na mtu binafsi, kwa kujifunza na kujifurahisha, wala si kwa biashara. Wengine huanza na michoro mitupu, kisha wakatafuta mbao, mabomba ya chuma, bati la alumini au povu na nyuzi za kioo. Wengine hununua vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani, wakaviunganisha nyumbani kwa miezi au miaka. Nchini Marekani, ambako ndege hizi ni nyingi, sheria inataka sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, iwe ya wajenzi wenyewe. Chama chao mashuhuri, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny jimboni Wisconsin mwaka 1953.

Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilichapisha uchunguzi wa usalama wa ndege hizo. Wakati huo zilikuwa kama 33,000, karibu asilimia 10 ya ndege za kiraia zisizo za mashirika. Hata hivyo, katika mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 hivi ya ajali za kundi hilo, na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Matukio mawili yalitangulia mengine yote kwa mbali: injini kupoteza nguvu, na rubani kushindwa kuitawala ndege ikiwa angani.

Matukio hayo mawili mara nyingi ni mzazi na mtoto. Injini ikizimika, ndege haidondoki. Huendelea kuruka, ila sasa kila mita ya kwenda mbele inagharimu kimo. Kinachoua mara nyingi ni sekunde zinazofuata, pale rubani anapohangaika na injini, au anapotamani kurudi uwanjani, akaacha mwendo wa ndege upungue. Kwa hiyo suala lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa karakanani, kuizuia injini isizimike. Wa pili ni wa angani, kutunza mwendo mpaka ndege isimame ardhini.

Vyanzo vya kuzimika

Injini ya petroli inadai mafuta, hewa, cheche na kupozwa. Injini yenyewe kwa kawaida ni madhubuti, hasa kama ni Lycoming au Continental iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya ndege. Lakini mafuta hufika kwa mabomba aliyoyakunja mjenzi, umeme kwa nyaya alizozipitisha yeye, na upepo wa kupoza kwa njia alizozikata yeye. Ndege ya kiwandani ina ndugu zake mamia au maelfu wenye bomba lile lile mahali pale pale. Bomba lenye kasoro hujulikana mapema na kubadilishwa. Ndege ya kujiundia, hata inapofuata michoro ya mtu mashuhuri, mara nyingi ina kitu kimoja au viwili ambavyo havijawahi kujaribiwa popote.

Mafuta ndiyo chanzo cha kutazamwa kwanza. Yanaweza kwisha. Yanaweza kuwamo tangini yasiifikie injini. Yanaweza kuifikia yakiwa na maji au taka. Mjenzi anapotoboa tangi la alumini, vipande vyembamba vya bati hubaki pembeni. Anapolipaka gundi ya kuzuia kuvuja, mabaki ya gundi hukauka na kubanduka baadaye. Takataka hizo husafiri hadi kwenye chujio na kuliziba, mara nyingi katika saa za mwanzo za kuruka, ndege inapotikisika kwa mara ya kwanza. Tundu la hewa la tangi nalo lina hatari yake. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Nyigu akijenga kiota cha udongo kwenye tundu hilo, mafuta hukatika ingawa tangi limejaa.

Petroli ya magari huongeza tatizo jingine. Hugeuka mvuke kwa urahisi kuliko petroli ya ndege, na bomba lake likipita karibu na bomba la moshi, mapovu ya mvuke hujaa ndani. Pampu iliyo juu kwenye injini hufyonza mapovu hayo bure. Dawa ni kuweka pampu ya umeme chini karibu na tangi, ili isukume mafuta badala ya kuyavuta, na kuyakinga mabomba na joto. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huweza pia kulainisha baadhi ya gundi za matangi ya nyuzi za kioo na mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Upande wa hewa, adui asiyeonekana ni barafu ndani ya kabureta. Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta, na petroli inapogeuka mvuke humo, joto hushuka ghafla, hata kwa nyuzi 20 za Selsiasi au zaidi. Unyevu uliomo hewani huganda na kuziba njia. Jambo hili halihitaji nchi ya baridi. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevunyevu mwingi, kama ya Mombasa au Dar es Salaam asubuhi, inatosha, hasa injini inapopunguzwa nguvu wakati wa kushuka. Ndege za kiwandani zenye kabureta huwa na mpini wa kuingizia hewa iliyopashwa moto na bomba la moshi. Mjenzi anayeuacha mpini huo kwa kuwa anaishi nchi ya joto amejidanganya.

Cheche hupatikana kwa njia mbili. Magneto ya injini ya ndege hujitengenezea umeme wake, na kwa kawaida huwa mbili, kila moja na plagi zake. Betri ikifa, injini haina habari. Injini iliyotolewa kwenye gari, iwe Volkswagen au Subaru, mara nyingi hutegemea betri, alteneta na kompyuta. Waya mmoja wa ethi uliolegea waweza kuzima vyote kwa pamoja. Anayefunga injini ya namna hiyo anahitaji betri ya pili, njia ya pili ya umeme, na pampu mbili zisizotegemea fyuzi moja.

Mwisho kuna kuvunjika kwa chuma chenyewe. Klenki ya Volkswagen haikubuniwa kubeba propela, ambayo huivuta mbele na kuipinda kila pua ya ndege inapogeuka. Baadhi zimekatika karibu na mahali propela inapofungwa. Injini za viharusi viwili, zinazopendwa kwa wepesi wake, hutegemea oili inayochanganywa na petroli, na pistoni hukwama joto likizidi au mchanganyiko ukikosewa. Rotax, mtengenezaji wa injini hizo kutoka Austria, hutamka waziwazi katika miongozo yake kwamba injini ya aina hii inaweza kusimama ghafla. Onyo hilo lina maana moja kwa rubani: asiruke mahali ambapo hawezi kutua bila injini.

Jaribio la ardhini

Sehemu kubwa ya hatari ya mafuta huweza kugunduliwa kabla ndege haijaondoka ardhini, kwa ndoo, chombo cha kupimia na saa. Ndege huinuliwa pua mpaka ifikie pembe ya kupaa kwa nguvu zote, kwa sababu hapo ndipo mafuta hupata taabu kuifikia injini. Tangi huachwa na mafuta kidogo tu. Bomba hufunguliwa kwenye kabureta, na mafuta hukingwa kwa dakika kadhaa. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mfumo unaotegemea mafuta kushuka yenyewe utoe asilimia 150 ya kiasi ambacho injini hutumia ikiwa na nguvu zote. Wenye pampu utoe asilimia 125.

Kwa mfano, injini inayotumia lita 30 kwa saa inahitaji mililita 500 kila dakika. Mfumo usio na pampu lazima utoe mililita 750 kwa dakika, na wenye pampu mililita 625. Kikipatikana kiasi pungufu, sababu hutafutwa: bomba jembamba, kona kali, vali yenye tundu dogo, chujio lililoziba au tundu la hewa lisilotosha. Jaribio hurudiwa kwa kila tangi peke yake na kwa kila pampu peke yake, na matokeo huandikwa. NTSB katika uchunguzi wake wa 2012 ilipendekeza jaribio la mfumo wa mafuta liwe na kumbukumbu ya maandishi kabla ndege haijapewa ruhusa ya kuruka.

Baada ya hapo, sheria ya Marekani huifungia ndege mpya katika kipindi cha majaribio. Kwa desturi ni saa 25 za kuruka ikiwa injini na propela yake vimethibitishwa pamoja kwa ajili ya ndege, na saa 40 ikiwa sivyo, katika eneo lililotengwa mbali na makazi ya watu wengi. Zamani rubani alilazimika kuwa peke yake. Tangu 2014 kuna mpango unaoruhusu rubani wa pili mwenye uzoefu wa ndege ya aina hiyo kuwemo, ili mmoja arushe na mwingine atazame vipimo.

Ajali ya Monterey

Ajali iliyofundisha wengi namna kasoro ya mjenzi na uamuzi wa rubani vinavyokutana ni ya mwanamuziki wa Marekani John Denver. Tarehe 12 Oktoba 1997 aliruka peke yake kutoka uwanja wa Monterey, California, kwa ndege ya aina ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua karibuni kwa mtu mwingine. Long-EZ ilibuniwa na Burt Rutan. Ni ya povu na nyuzi za kioo, propela yake iko nyuma na bawa dogo liko mbele. Denver alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kuruka, lakini ndege ya aina hii alikuwa ameizoea kidogo sana.

Michoro ya Rutan iliweka vali ya kuchagua tangi mbele, katikati ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege hii aliihamishia kwenye ukuta ulio nyuma ya bega la kushoto. Vali haikuwa na maandishi yoyote, wala mwelekeo wa mpini haukufuata upande wa tangi. Vipimo vya mafuta vilikuwa kwenye sehemu ya kiti cha nyuma, navyo havikuwa na alama za kiasi. Kabla ya kuruka, Denver na fundi wa uwanjani walijaribu kuurefusha mpini kwa koleo, lakini haikusaidia. Fundi alimpa kioo kidogo cha kutazamia vipimo vilivyo nyuma yake. Alipoulizwa kama aongezewe mafuta alikataa, kwa kuwa alikusudia kuruka saa moja hivi.

Alitua na kupaa tena mara tatu, kisha akaelekea ufuoni Pacific Grove. Mashahidi walikadiria kimo chake kuwa kati ya mita 100 na 150 hivi. Sauti ya injini ilipungua, ndege ikalala upande wa kulia, ikashuka kwa pua na kuingia baharini karibu na ufuo. Wachunguzi walijaribu kitendo chenyewe wakiwa wameketi katika ndege ya aina hiyo. Ili kuufikia mpini, rubani alihitaji kuachia usukani uliokuwa upande wa kulia, kuupeleka mkono huo nyuma ya bega la kushoto na kugeuza kiwiliwili kizima. Mwili ulipogeuka hivyo, mguu wa kulia ulijikaza wenyewe kwenye pedali ya usukani wa mkia, nayo ndege ikageuka na kulala.

NTSB ilitaja kuwa chanzo ni rubani kuondoa mawazo yake kwenye uendeshaji, kukanyaga pedali ya kulia bila kukusudia alipokuwa akiishika vali, na kutoongeza mafuta. Ikaongeza mambo yaliyochangia: vali isiyo na alama mahali pasipofikika, vipimo visivyo na alama, na mafunzo haba ya ndege hiyo mahususi. Injini haikuwa na ubovu uliosababisha ajali. Vali ingekuwa mahali pake, kubadilisha tangi kungechukua sekunde moja.

Kuelea bila injini

Bawa hubeba ndege kwa nguvu ya hewa inayolipita. Mwendo unapopungua, rubani huinua pua ili bawa liendelee kubeba. Pembe ikizidi kiasi, hewa huachana na bawa, nalo huacha kubeba. Bawa moja likitangulia jingine, ndege hupinduka na kuanza kuzunguka huku ikianguka. Juu sana, rubani aliyefunzwa ataitoa katika hali hiyo. Karibu na ardhi hakuna nafasi.

Ndege nyingi ndogo za kujiundia ni nyepesi na hukokotwa sana na hewa, hasa zenye nguzo na nyaya za nje. Kwa sababu hiyo, injini ikizimika wakati wa kupaa, mwendo hupotea katika sekunde chache mno, haraka kuliko anavyotarajia mtu aliyezoea ndege za kiwandani zilizo nzito. Kitendo cha kwanza ni kusukuma usukani mbele na kushusha pua, kabla ya kugusa swichi yoyote.

Kila ndege ina mwendo mmoja unaoipeleka mbali zaidi bila injini. Mjenzi huutafuta wakati wa majaribio, akiwa juu, kwa kushuka kwa miendo tofauti na kuandika kimo kinachopotea. Ndege inayoelea mita tisa mbele kwa kila mita moja ya kushuka, ikiwa mita 300 juu ya ardhi, itafika kilomita 2.7 pasipo upepo. Ikiwa mwendo wake ni kilomita 120 kwa saa, ina sekunde kama 80. Ndege ya nyaya inayoelea mita sita kwa moja itafika kilomita 1.8 tu.

Injini ikizimika wakati wa kupaa

Hapa ndipo tamaa ya kurudi uwanjani imeua marubani wengi. Uwanja uko nyuma, nao unaonekana kuwa mahali pekee salama. Hesabu inasema vingine. Ndege yenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa, ikilazwa upande kwa nyuzi 45, hugeuka katika duara lenye nusu kipenyo cha mita 113 hivi. Ikimaliza nusu duara haiko juu ya njia ya kurukia. Iko zaidi ya mita 220 pembeni yake, na bado inahitaji kugeuka tena kuifuata njia, kisha kujinyoosha. Kugeuka kote huko kwaweza kula mita 100 za kimo, bila kuhesabu sekunde za mshangao ambazo rubani hakufanya lolote.

Kulala upande nako huongeza uzito ambao mabawa yanabeba. Kwa nyuzi 45, mwendo ambao bawa huacha kubeba hupanda kwa asilimia 19. Kwa nyuzi 60, kwa asilimia 41. Rubani anayekaza kona ili awahi njia anausogelea mpaka huo kutoka pande zote mbili: mwendo wake unashuka, na mwendo wa chini unaohitajika unapanda. Akifanikiwa, atatua upepo ukimsukuma kutoka nyuma.

Ushauri wa jumla, kwa hiyo, ni kutua mbele, kwa kugeuka kidogo tu kulia au kushoto kukwepa kizuizi. Kimo kinachoruhusu kurudi kipo, lakini kila ndege ina chake. Hupatikana kwa jaribio lililofanywa juu sana: injini hupunguzwa hadi mwisho, rubani anahesabu sekunde nne, anageuka kikamilifu, na kimo kilichopotea kinaandikwa na kuongezewa nusu yake. Takwimu hiyo hutamkwa kwa sauti kabla ya kila kuruka. Chini yake hakuna kurudi. Katika viwanja vya nyanda za juu hesabu huwa ngumu zaidi. Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hapo injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu yake, kimo hupatikana polepole, na ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko ufuoni ingawa kipimo cha mwendo kinasoma vile vile.

Mahali pa kutua na namna ya kugusa ardhi

Mahali panapofaa hutazamwa kwa upepo, ukubwa, mteremko na vizuizi. Upepo ndio wa kwanza. Ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 80 kwa saa hewani, upepo ukiwa kilomita 20, hupita ardhini kwa kilomita 60 ikiukabili, na kwa kilomita 100 ikiupa mgongo. Nguvu ya mgongano hufuata kasi mara kasi, hivyo tofauti ni karibu mara tatu. Shamba lililovunwa na malisho mafupi hufaa. Barabara hudanganya, kwa sababu nguzo na nyaya za umeme hazionekani mpaka zikaribie. Penye mteremko, hutuliwa kwa kupanda.

Uamuzi ukishafanyika haubadilishwi kwa sababu shamba jingine linaonekana zuri zaidi. Kimo kikiruhusu, ndipo rubani anabadilisha tangi, anawasha pampu, anavuta hewa ya moto ya kabureta na kujaribu magneto, akianza na kile alichokigusa mwisho. Injini isipojibu, hufunga mafuta, huzima magneto na umeme, hukaza mikanda, na hufungua mlango au kifuniko kidogo ili kisikwame.

Mwili wa binadamu aliyefungwa vizuri huvumilia mengi ikiwa kusimama kunasambazwa. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, ndege inayosimama kwa nguvu ya uzito mara tisa inahitaji kama mita tatu tu. Kwa kilomita 160 inahitaji zaidi ya mita 11. Mikanda ya mabega ni ya lazima, kwa sababu mkanda wa kiunoni peke yake huacha kichwa kigonge dashibodi, nayo ifungwe kwenye kiunzi cha ndege, si kwenye kiti kilichoshikwa na skrubu mbili. Mabawa na magurudumu huachwa yavunjike, mradi chumba cha rubani kibaki. Kwa hiyo ikiwa mbele kuna miti tu, hutuliwa juu ya vilele vya miti mifupi iliyosongamana, kwa mwendo mdogo ambao bado unaitawala ndege. Anayegonga mti akiwa bado anaruka kwa utaratibu ana nafasi nzuri kuliko anayeanguka kwa pua katika uwanja mtupu. Majini, magurudumu yasiyokunjika huweza kuipindua ndege mara yanapogusa, basi rubani hukumbuka mlango ulipo kwa kuugusa kabla.

Wanunuzi, na baada ya tukio

Onyo jingine la uchunguzi wa NTSB wa 2012 linawahusu wanunuzi, kama alivyokuwa Denver. Zaidi ya nusu ya ndege za kujiundia zilizopata ajali mwaka 2011 hazikuwa mikononi mwa waliozijenga. Zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Mjenzi anaijua kila vali. Mnunuzi anapokea vali hizo bila kumbukumbu. Kwa hiyo ndege iliyonunuliwa hukaguliwa mfumo wa mafuta kuanzia tangi hadi kabureta, hupimwa upya mtiririko wa mafuta, hubandikwa alama zinazokosekana, na rubani hufunzwa na mtu aliyewahi kuirusha ndege ya aina hiyo.

Ndege iliyotua shambani salama nayo haitakiwi kupaa tena siku ile eti kwa kuwa tu injini imewaka. Barafu ya kabureta huyeyuka, mvuke kwenye bomba hupoa, na injini huwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafuta yaliyobaki katika kila tangi hupimwa, sampuli huchukuliwa kutoka kwenye chujio, plagi hufunguliwa, nyaya huvutwa moja moja. Sababu ikipatikana na kurekebishwa, safari inayofuata huhesabiwa kuwa ya majaribio: rubani peke yake, juu ya uwanja, kwa kimo kinachomwezesha kurudi kutua bila injini.